Bi Kushoto na Maalim wa Ubavu wa Kulia

Daktari Nasra kanipa daftari jipya na kalamu mbili, akanambia, "Bi Mwanaisha, kaa utuandikie kabla hujasahau." Nikamwambia kusahau nshasahau, kwa hiyo ntaandika yale yaliyokataa kusahaulika. Basi haya ni yenu nyinyi mliobaki kwenye chumba cha eko, mnaopima mioyo ya watu huku mmekalia kiti changu cha kazi chenye magurudumu bila ya kuniomba ruhusa. Najua mmekichukua. Kile kiti kina gurudumu moja linalolia, na nikipita nje kwenda sokoni Darajani nnalisikia.

Vyeo sitaviandika. Nilipewa viwili, na kila kimoja kilikuja na ufunguo wa kabati tupu. Mshahara nao siusemi, maana mume wangu anajua kusoma.

Nilianzia eksirei, zama zile za filamu zinazosafishwa kwenye chumba cha giza, kwa dawa inayonuka hata ukirudi nyumbani paka anakukimbia. Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa mama mmoja wa Chwaka aliyekuja na kikohozi. Nikamwambia avue kila kitu kifuani. Akasema, "Nshavua, mwanangu." Nikapiga picha. Ilipotoka, katikati ya moyo pana kitu cheupe cha pembe nne, kimenyooka utadhani kimechorwa kwa rula. Daktari wa zamu akaita wenzake, wakaja wanne. Mmoja akasema hiki ni kifaa cha umeme cha kuendesha moyo, na akataka kujua mama alitiwa Ulaya au India. Mama hajawahi kufika hata Pemba.

Walibishana mpaka alipoingia Bwana Fadhil, fundi mkuu wa eksirei, mtu mwembamba asiyejua kuharakisha. Aliitazama filamu mara moja, akatoka, akamwinamia mama na kumuuliza, "Na hirizi je?"

"Hirizi ipo," mama akajibu. "Kwani hirizi ni nguo?"

Ilikuwa kwenye kijaluba cha fedha, kimefungwa kwa uzi mweusi. Madaktari wanne wakakumbuka kwamba kila mmoja ana kazi kwengine. Bwana Fadhil akanambia, "Mtu atakujibu ulichomuuliza. Usichomuuliza utakikuta kwenye picha." Nikamwambia naam, nikalitia akilini neno lile, na baadaye nikalisahau siku ambayo sikutakiwa kulisahau. Hiyo ndiyo siku nnayotaka kuwahadithia, lakini kwanza mjue vitu viwili.

Cha kwanza ni chai. Mashine ya eko ilipokuja, Bwana Fadhil ndiye aliyenifundisha. Mnaijua kazi: unampaka mgonjwa jeli kifuani, unamwekea kile kichwa cha mashine, sauti isiyosikika inaingia na kurudi, na moyo unauona kwenye kioo ukicheza. Nyinyi mna dakika mlizopangiwa kwa kila mgonjwa. Bwana Fadhil alikuwa na kikombe. Kabla ya kumpima mgonjwa alijimiminia chai ya maziwa, akaiweka dirishani, na hakuigusa mpaka amalize. Akimaliza anaionja. Ikiwa bado inaunguza, anamwambia mgonjwa, "Samahani, rudi ulale, sijakupima." Mimi nilicheka mwezi mzima. Mwezi wa pili nikanunua kikombe changu. Ndiyo maana kwa miaka thelathini na ushee sijawahi kunywa chai ya moto kazini, na ndiyo maana dirisha lile lina alama za duara ambazo mafundi wa rangi hawajaziweza.

Cha pili ni ubavu. Moyo ukitaka kuuona vizuri, mgonjwa alalie ubavu wa kushoto. Moyo unasogea kwenye mbavu na pafu linakaa mbali nao. Lakini sisi watu wa hapa tangu utotoni tumefundishwa kulalia ubavu wa kulia, ndiyo sunna, na mtu ukimwambia alale kitandani anageukia kulia kabla hujamaliza maneno. Basi kazi yangu nusu ilikuwa kupima mioyo, nusu kusema, "Kushoto, baba. Kushoto, bibi. Huo ni wa kulia, ule mwengine." Sauti ilikuwa ikifika hadi famasi. Juu ya hayo, mkono wangu wa kazi ni wa kushoto, nao ndio nlioshikia kichwa cha mashine. Basi mkanibandika jina la Bi Kushoto, mkadhani silijui.

Huo mkono una historia. Nilisoma Qur-ani mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini, kwa Maalim Sleyum, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi na bakora isiyopumzika. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukitangulia kwenye kalamu, kwenye juzuu, kwenye tende za khitma, na kila ukitangulia unakutana na bakora. "Mkono huo una kazi yake," Maalim alikuwa akisema, na darasa zima linacheka kwa sababu kazi yenyewe kila mtu anaijua. Nilijifunza kuandika kwa kulia mbele yake na kwa kushoto nyumbani. Nilimwogopa yule mtu kuliko giza.

Sasa ikawa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mlango unafunguliwa, anaingia Maalim Sleyum, mzee, kanzu bado ina pasi, nyuma yake mkewe Bi Riziki kabeba faili na thamosi. Maalim alikuwa ametoka bara wiki mbili nyuma, kabadilishwa vali ya moyo, kapewa dawa ya kulainisha damu isigande, na karudi kwetu tumwangalie.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Weye nani?"

"Mwanaisha wa Bwana Khamis. Ulinisomesha."

Akanitazama usoni, kisha akautazama mkono uliokuwa umeshika chupa ya jeli. "Ah," akasema. "Bado?"

Wallahi nina wajukuu, lakini chupa ile niliihamishia mkono wa kulia.

Nikamwomba alalie kushoto. Akasema mtu halalii kushoto. Nikamwambia hii si kulala, ni kupimwa. Akasema kitanda ni kitanda. Bi Riziki akamwambia, "Basi usilale, jiegemeze tu upande huo ukiwa macho." Hilo likapita. Maalim akajiegemeza, akafumba macho, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mimi nikawa na tabu yangu: kifua cha Maalim kiko wazi mbele yangu, na nnatakiwa nikikandamize kwa mkono ule ule. Nilikuwa nikigusa na kuondoa. Mshono niliuzungukia kwa mbali utadhani una ulinzi. Vali mpya niliiona, inafunguka na kufunga vizuri. Pembeni ya moyo nikachungulia kama mtu anayechungulia ukumbi wa wageni, nikaona pasafi. Nikaandika: vali nzuri, hakuna maji kwenye mfuko wa moyo.

Nikenda dirishani, nikaonja chai. Ikaniunguza ulimi.

Nilijua maana yake. Nikajiambia leo kuna joto, chai haipoi. Huku kiyoyozi kinanguruma.

Daktari Nasra, ambaye ndiye daktari wetu wa moyo, alimkalisha na kumuuliza kwa adabu zote. Pumzi vipi, Maalim? Alhamdulillahi. Chakula? Alhamdulillahi. Usingizi? Alhamdulillahi Rabbil-alamina. Daktari akaandika: anaendelea vizuri. Ungekuwa weye ungeandika nini?

Wiki moja baadaye wakarudi. Maalim kavaa ndara za plastiki za mkewe, zina maua ya waridi juu. Sote tulijitia hatuzioni. "Makubadhi yangu yamesinyaa," akasema, na akapita kama amevaa viatu vya harusi. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Nikampima tena, akajiegemeza tena akiwa macho, nikagusa na kuondoa tena. Vali nzuri, hakuna maji. Chai safari hii haikuunguza, ilikuwa vuguvugu, na mimi nikajihesabia hiyo ni maendeleo. Daktari Nasra akampa vidonge vya kukojosha ili miguu ipungue.

Miguu haikupungua. Siku ya tatu Bi Riziki akamleta kwa gari ya jirani, uso wa kijivu, presha iko chini, mishipa ya shingo imesimama. Akalazwa. Asubuhi ile Daktari Nasra akanijia na faili mkononi.

"Bi Mwanaisha, nakutegemea weye," akasema. "Eko zako mbili zinasema moyo mzima, hakuna maji. Basi ugonjwa uko kwengine. Nataka tumwangalie figo, na vidonge vya kukojosha tuviongeze."

Nikamwambia sawa. Nikatoka nje, na pale kwenye benchi la ukumbini nikamkuta Bi Riziki anakunja kanga ya mumewe na kuikunjua. Nikakaa karibu yake, na nikamuuliza tu kwa ajili ya kuuliza, "Kwani nyumbani Maalim alikuwaje?"

"Halali, mwanangu. Anakaa kitini. Akijaribu kulala ni ubavu wa kulia tu, akigeukia kushoto pumzi zinampotea. Chakula ni vijiko vitatu. Sala anasalia kwenye kiti, na akisimama anashika ukuta."

"Mbona hakusema?"

Bi Riziki akanishangaa. "Si alisema? Alisema alhamdulillahi mbele yenu nyote. Mie nikisikia ile fupi, najua mzima. Akiifikisha mpaka Rabbil-alamina najua anaumwa. Miaka hamsini ndiyo hivyo."

Nilikaa pale benchi. Mama wa Chwaka na hirizi yake akanijia mbele ya macho. Tulimuuliza mtu hali, akatujibu kwa adabu, tukaandika adabu kwenye faili. Na mimi nilifanya vibaya zaidi, kwa sababu mimi sikuwa nimeuliza kwa mdomo, niliuliza kwa mashine, na mashine nayo niliiuliza kwa haya. Sasa maneno yangu mawili, hakuna maji, ndiyo yanayompeleka Maalim kwenye figo huku moyo unambana. Nikaogopa kweli. Nikaenda kwa Daktari Nasra nikamwambia vidonge asiviongeze kwanza, anipe Maalim nimpime upya.

"Umeona kitu?"

"Sijaona kitu. Ndiyo maana."

Maalim akaletwa kwa kitanda cha magurudumu. Nikamimina chai, nikaiweka dirishani. Nikasema kama nlivyosema maisha yangu yote, "Maalim, kushoto."

Akajaribu. Akageuka robo, akakohoa, akarudi. "Leo siwezi, mwanangu," akasema. "Leo kulia." Akajigeuza kulia, akanipa mgongo.

Ningekuwa na nguvu ya ubishi ningebisha. Lakini hakuwa anafanya ukaidi. Mwili wake ulikuwa umechagua ubavu wenye nafuu na unanionesha. Basi nikazunguka kitanda. Kule upande wa pili kila kitu kikawa kinyume: mashine iko kushotoni kwangu, waya umenyooka juu ya kichwa cha Maalim, na vitufe vinafikiwa na mkono wa kushoto tu. Kichwa cha mashine ilibidi nikishike kwa mkono wa kulia. Mkono ule kazi yake ilikuwa kusalimia na kulia wali. Uliteleza na jeli, ukampaka Maalim shingoni, ukampaka sikioni.

"Nini hicho?" Maalim akauliza.

"Jeli, Maalim. Nisamehe. Nautumia mkono wa kulia."

"Sasa hivi ndiyo umeanza?" akasema.

Nikakiweka kichwa kulia kwa mfupa wa kifua, mahali ambapo kwa wagonjwa wengine sikuwa na habari napo. Safari hii nilikandamiza. Nilikandamiza karibu na mshono, nikainamisha, nikangoja avute pumzi, nikangoja aitoe. Na palepale, nyuma ya mfupa, likaja doa jeusi. Damu ilikuwa imevuja kidogo kidogo tangu operesheni, na ile dawa ya kulainisha damu haikuiacha ikome, ikajikusanya pembeni upande wa kulia, imefanya bonge, imekikalia chumba cha juu cha moyo mpaka kimekuwa chapati. Kwa kushoto pametulia, pasafi, karibuni wageni. Kwa kulia nyumba inaanguka. Na vile vidonge vya kukojosha vilikuwa vinaukausha moyo ambao tayari haupati cha kusukuma.

Nilipima, nikapima tena, nikahifadhi picha zote. Daktari Nasra akaitwa, akasimama nyuma yangu, akasema, "Simu." Vidonge vikasimamishwa, dawa ya damu ikasimamishwa, na mchana ule ule Maalim akapandishwa ndege kurudi bara kwa wale waliompasua. Nilipokumbuka chai, ilikuwa baridi na ina utando, na chungu wawili wanaogelea. Nikainywa na chungu wenyewe.

Kisha nikafungua faili. Nikaandika ripoti ya tatu, na chini yake nikaandika kwamba ripoti zangu mbili za mwanzo zilitokana na vipimo vya haraka, na kosa ni langu. Niliandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo wino umepakazika, lakini inasomeka. Msije mkabandika karatasi juu yake. Ipo pale kwa makusudi.

Siku mbili sikula vizuri. Mume wangu akafikiri nimekasirika naye, akaosha vyombo bila ya kuambiwa, nami sikumsahihisha. Siku ya tatu Bi Riziki akapiga simu. "Wamemtoa bonge la damu kubwa kama andazi," akasema. "Kaomba aoneshwe. Kaoneshwa, kasema alhamdulillahi."

"Ipi?"

"Fupi," akasema, na sote wawili tukalia kwenye simu.

Alirudi kwetu baada ya mwezi, kavaa makubadhi yake. Kitandani akalalia kushoto mwenyewe kabla sijafungua mdomo, na nilipomaliza akageukia kulia, akasema, "Na huku." Tangu siku hiyo, kama mnavyojua, kila aliyepasuliwa moyo anapimwa kwa mbavu zote mbili, na anayesema dakika hazitoshi aniletee chai yake niionje. Tatizo ni kwamba Maalim alikuwa amepata somo, naye hajui kuchukua nusu ya somo. Daktari Nasra alipomuuliza hali, alimjibu kuanzia kichwani: kuna nywele moja ya nyusi inamchoma, jicho la kushoto linatoa machozi akikatiwa kitunguu, goti linalia akipanda ngazi, juzi alikohoa mara mbili, jana mara moja, leo bado lakini siku haijesha. Foleni ilifika nje. Alipomaliza vidole vya miguu akauliza kama aanze upande wa pili.

Alipokuwa anavaa kanzu nikaona nisipomwambia leo sitamwambia tena. Nikamwambia, "Maalim, mara mbili nilikupima vibaya. Nilikuwa nakuona haya. Nilikuogopa, nikafanya haraka, na haraka ile ilitaka kukuua. Nisamehe."

Alifunga vifungo vyote, polepole, mpaka cha shingoni. "Mkono gani ulioharakisha?"

"Wa kushoto."

"Ulete."

Nikampa. Kwa miaka yote ile niliyompa mkono Maalim nilimpa wa kulia, na huu nlipoutoa kiganja kilifumba chenyewe, kinangoja bakora. Akakifumbua kidole kimoja kimoja. Akakitazama kiganja muda mrefu.

"Huu haukuwa na kosa," akasema. "Huu uliniogopa mie. Na nani aliyeufundisha kuniogopa? Nisamehe weye, Mwanaisha."

Nikalia, sioni aibu kuliandika. Bi Riziki naye akalia, na Daktari Nasra akajitia anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza. Maalim akausomea mkono wangu wa kushoto dua ndefu, akaupulizia, akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akafika mlangoni, akageuka.

"Lakini wali," akasema, "usile nao."